Nani Atampokea Zamu? Tanga, Bahari na Askari Asiyelala

Saa nane za usiku. Komeo limeshatiwa, watoto wamelala. Baba anaamka kwa mara ya tatu, anakwenda kulishika komeo kwa mkono wake, anachungulia dirishani, anasikiliza. Mbwa wa jirani anabweka, na mwili wote unakakamaa. Mkewe yu macho, lakini amejifunza kunyamaza. Vita alivyopigana mumewe vilikwisha miaka mingi iliyopita. Ila bwana huyu bado yuko lindoni, kwa sababu hakuna aliyekuja kumpokea zamu.

Nyumba za namna hii zipo kwetu, ingawa hazizungumzwi. Uganda na Burundi zilipeleka askari Somalia mwaka 2007, na Wakenya wakaingia Oktoba 2011. Watanzania wamelinda amani mashariki ya Kongo, na Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki ilishambuliwa wakapoteza vijana wao. Wapo pia wazee waliopigana Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, ambao wajukuu wao hawajui kwa nini babu huondoka uwanjani fataki zinapoanza. Askari wetu hupokewa kwa gwaride, kisha huachwa peke yake na usiku wake.

Makala haya nimemwandikia yeye na walio karibu naye. Ninataka kuzungumzia njia moja ya msaada ambayo sisi watu wa pwani na wa maziwa tuna vifaa vyake tayari: kusafiri kwa chombo cha tanga. Nitaeleza kwa nini inasaidia, wapi inakomea, na namna ya kuifanya bila kumwongezea maumivu mtu tunayetaka apone.

Jeraha hili lina jina

Mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza vikiendelea, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika kuhusu askari waliopoteza kumbukumbu na hata kupungukiwa na uwezo wa kuona, ilhali miili yao haikuwa na jeraha la kueleza hali hiyo. Wakubwa wengi wa jeshi waliwahesabu watu wa namna hiyo kuwa waoga. Ilichukua miaka mingi, na kelele za wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam, hadi mwaka 1980 ambapo chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliandika tatizo hili kwenye mwongozo wake wa magonjwa. Ndilo linaloitwa PTSD, na kwa Kiswahili wengi huliita kiwewe, au mfadhaiko baada ya kiwewe.

Dalili zake zina sura nne. Tukio hurudi lenyewe, kwa ndoto au kwa picha za mchana, kana kwamba linatokea upya. Mtu hukwepa mahali, watu na mazungumzo yanayolikumbusha. Moyo hufa ganzi: furaha haiji, mapenzi hayaji, na lawama juu ya nafsi haziishi. Na mwili hukaa macho wakati wote, usingizi ukawa mwepesi, hasira karibu, mshtuko mkubwa kwa kelele ndogo. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja na kuvuruga kazi au nyumba, ni ugonjwa unaotibika. Haihusiani na uchawi, udhaifu wa imani wala kukosa uanaume. Wanajeshi wanawake nao huupata, na mara nyingi huulizwa hali zao kwa kuchelewa zaidi.

Wazo lilitoka kwa mabaharia

Katika Vita Kuu ya Pili, nyambizi za Kijerumani zilikuwa zikizizamisha meli za biashara za Uingereza. Mwenye meli mmoja wa Liverpool, Lawrence Holt, aliona jambo lililomsumbua. Kwenye mashua za kuokolea, mabaharia vijana wenye nguvu walikata tamaa na kufa upesi, huku wakongwe waliokulia kwenye vyombo vya tanga wakistahimili. Alishirikiana na Kurt Hahn, mwalimu aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi, na mwaka 1941 skuli ya Outward Bound ikafunguliwa Aberdovey, Wales. Waliamini kuwa kilichowapungukia vijana ni ule uzoefu wa kukutana na upepo na maji, ukashindwa kidogo, ukajirekebisha, ukiwa na wenzako. Katika miaka ya 1950 skuli ya aina hiyo ilifika hata Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, huko mlima ukichukua nafasi ya bahari.

Vita vya Iraq na Afghanistan vilipoacha kizazi kipya cha majeruhi, wazo hilo lilirudi baharini. Mwaka 2012, katika bandari ya Falmouth kusini magharibi mwa Uingereza, lilianzishwa shirika la Turn to Starboard, na mwanzilishi wake mwenyewe alikuwa mwanajeshi wa anga aliyetumikia Afghanistan. Wastaafu walifundishwa kuendesha mashua za tanga kuanzia fundo la kwanza, na wengine wakaendelea hadi kupata vyeti vya unahodha. Michezo ya Invictus ya wanajeshi majeruhi ilipofanyika Sydney mwaka 2018, mbio za tanga zilikuwa miongoni mwa mashindano yake.

Tanga linafanya kazi gani

La kwanza, tanga linaidai akili iwe hapa. Shika demani, ile kamba ya kuongozea tanga, uone. Ukiilegeza mno, tanga linapwaya na chombo kinazubaa. Ukiikaza mno, chombo kinalala ubavu. Upepo unakusemesha kupitia kiganja, na jibu lako linaonekana papo hapo. Akili iliyozoea kurudi kila saa kwenye barabara iliyolipuka inapata kitu cha sasa cha kushika, chenye uzito, bila ya mtu kuiamrisha isahau.

La pili, kule kukesha kulikomchosha nyumbani kunapata kazi ya halali. Mtu anayekagua kila sura sokoni huonekana mgonjwa. Mtu huyohuyo akiwa omoni, akiangalia rangi ya maji juu ya mwamba, wingu linalojikusanya na meli inayokatiza mbele, ni baharia mzuri. Ni heshima kubwa kwa mtu kuambiwa kwamba tabia aliyoionea aibu ina mahali pake.

La tatu, mwili unachoka kwa njia njema. Kutweka foromali kwa pamoja kunataka pumzi ndefu na sauti moja. Kufua maji kunatumia mabega. Jua, chumvi na upepo vinafanya yaliyobaki, na wengi hulala usingizi ambao hawajaupata kwa muda mrefu.

La nne, mazungumzo huja yenyewe. Kuna mtu hawezi kukaa kwenye kiti akakabiliana na macho ya mshauri. Mkalishe tezini kando ya mwenzake, wote wakiangalia mbele, mikono ina kazi, na baada ya saa mbili za kimya huenda akasema neno moja. Neno hilo halifai kuchimbwa. Lipokee, uendelee kushika kamba.

La tano ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni zamu. Katika safari ndefu mabaharia hugawana saa, mara nyingi nne nne. Saa zikitimia, mwenzako anakuja, anakuuliza upepo uko wapi, chombo kinaelekea wapi, umeona nini. Unamwambia. Anayarudia uliyoyasema ili muwe na hakika. Kisha anashika usukani na kusema: nimepokea, kalale. Unakwenda kulala huku chombo kikiendelea kwenda, na maisha yako yamo mikononi mwa mtu mwingine. Asubuhi mko salama.

Kwa mtu wa kawaida huo ni utaratibu tu. Kwa yule bwana wa saa nane za usiku, ni somo ambalo mwili wake ulilikosa: lindo lina mwisho, na mwingine anaweza kulishika. Maneno matupu hayamfundishi hilo. Anahitaji kulitenda mara nyingi, akabidhi na apokee, mpaka mwili uamini.

Tanga halitoshi peke yake

Nisingependa mtu auze ng'ombe ili akodi mashua akidhani atarudi mpya. Tafiti zilizofanywa juu ya safari za tanga kwa wanajeshi nyingi ni ndogo. Zinaonyesha watu kurudi na nafuu ya moyo na kujiamini, lakini nafuu hiyo hupungua isiposhikiliwa na kitu kingine.

Kitu hicho ni tiba. Zenye ushahidi mzuri zaidi ni tiba za mazungumzo zinazolikabili tukio lenyewe kwa utaratibu, pamoja na ile iitwayo EMDR, inayotumia miondoko ya macho. Na si lazima zote zitoke hospitali kubwa. Katika kambi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, wakimbizi Warwanda na Wasomali walitibiwa kwa njia ya kuyasimulia maisha yao kwa mpangilio, tukio baada ya tukio, mbele ya wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha dalili za kiwewe zimepungua. Basi anza na zahanati iliyo karibu, au kituo cha jeshi ikiwa bado una haki ya matibabu yake, uombe kuelekezwa kwa mtaalamu. Hospitali za Mathari jijini Nairobi, Mirembe jijini Dodoma, Kidongo Chekundu huko Unguja, Butabika jijini Kampala, Ndera huko Rwanda na kituo cha Kamenge jijini Bujumbura zinajulikana kwa matibabu ya akili.

Wapo pia ambao hawafai kupanda kwa sasa: anayewaza kujiua, anayeona au kusikia visivyokuwepo, anayekunywa pombe kila siku au kutumia dawa za kulevya, na aliyeanzishiwa dawa mpya siku chache zilizopita. Hao watibiwe kwanza. Na anayesema anataka kufa asiachwe peke yake hata kwa saa moja. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Kabla ya kupanda

Muone daktari ukiwa na orodha ya dawa zako zote. Dawa nyingi za kichefuchefu cha bahari huleta usingizi, na baadhi huweza kugombana na dawa za mfadhaiko. Anayetumia lithiamu awe mwangalifu zaidi, kwa sababu jua na upungufu wa maji mwilini huweza kuifanya dawa hiyo izidi kiwango kwenye damu. Usiache dawa kwa kuwa unakwenda kupunga upepo.

Andika mambo matatu au manne yanayokurudisha vitani, umpe nahodha na mtu mmoja mwingine. Huna haja ya kueleza sababu. Inatosha kusema: nisishikwe kutoka nyuma, moshi wa dizeli unanisumbua, sipendi kukaa pasipo na njia ya kutokea. Kumbuka kuwa tanga likipwaya katika upepo mkali hupigapiga kwa mlio unaofanana na risasi. Anayeujua mlio huo mapema, akausikia kwanza chombo kikiwa bado ufukweni, hatashtuka sana baharini.

Jaribu maji kabla ya safari. Ingia baharini penye kina cha kifua ukiwa umevaa jaketi la kujiokolea, uelee. Mtu aliyehisi jaketi likimbeba huketi chomboni kwa utulivu.

Chombo, nahodha na majira

Kwa mara ya kwanza chagua mashua pana yenye ubavu mrefu na mahali pa kuketi, hasa ikiwa yupo mwenye mguu bandia au maumivu ya mgongo. Ngalawa ni nyepesi na ina raha yake, lakini inalowesha na nafasi yake ni finyu. Iache kwa siku za baadaye. Mashine ya akiba iwepo, na nahodha aseme kwa sauti kabla ya kuiwasha. Kila mtu avae jaketi, nahodha akiwa wa kwanza, maana askari hufuata mfano kuliko agizo.

Watu watano au sita wanatosha. Wakizidi, atakuwepo asiye na kazi, na asiye na kazi amebaki abiria. Nahodha awe mtu wa sauti ya chini. Fundi wa bahari anayefoka anaweza kuharibu kwa dakika moja kilichojengwa kwa wiki tatu. Vyeo vibaki ufukweni: aliyekuwa afande na aliyekuwa kuruta wote ni mabaharia, na wote wanafua maji. Awepo angalau mmoja aliyefunzwa kumtuliza mtu aliyepatwa na hofu kuu.

Majira yachaguliwe kwa hekima. Pwani yetu, kipindi cha matlai, kusi likiisha na kaskazi haijashika, ndicho kizuri kwa wanagenzi, yaani takriban Oktoba na Novemba. Juni na Julai kusi lina nguvu, na masika yana mawingu yasiyotabirika. Toka siku za maji mafu badala ya bamvua, ili mkondo usiwazidi nguvu. Anzia mahali palipokingwa, kama ghuba la Kilifi au mkondo ulio kati ya Amu na Manda. Walio kwenye maziwa watoke asubuhi na kurudi mapema. Wavuvi wa Tanganyika na Victoria wanajua dhoruba ya huko haipigi hodi.

Siku ya kwanza

Iwe fupi, saa mbili au tatu, mchana, nchi kavu ikionekana. Usiku na safari ndefu zisubiri mpaka watu wamezoeana, kwa kuwa kukosa usingizi kunaamsha dalili za kiwewe. Nahodha aeleze mapema kila kitakachofanyika: sasa tunatweka, baada ya lile boya tutabisha, chombo kitalala upande huu. Kiwewe kinalishwa na mambo ya ghafla.

Kila mmoja apewe kazi moja ndogo anayoweza kuimaliza, na wabadilishane kila nusu saa kwa maneno yaleyale ya kukabidhi: upepo, mwelekeo, nilichoona. Hata katika safari fupi, zamu ianze kuzoeleka.

Yapo ya kuepuka. Usimuulize mtu ameua wangapi. Usimguse kabla hujamwita kwa jina. Aliyelala usimtikise, simama miguuni pake umwite kwa upole. Akipatwa na hofu, usimwambie atulie. Mwambie yuko wapi na leo ni siku gani, mpe kamba ashike, mwombe ataje vitu vitano anavyoviona. Na akitaka kurudi, geuzeni chombo bila maneno. Aliyeona kwamba neno lake linatosha kugeuza chombo atarudi kesho.

Siku ya kushuka

Wanaopanga safari hizi huiogopa bahari, lakini siku ya hatari ni ile ya kushuka. Mtu amekuwa na kazi, wenzake na jina. Jioni anaingia chumbani kwake, ukimya ni uleule, na anahisi ameporwa tena. Wengine huangukia pombe usiku huohuo.

Kwa hiyo, kabla miguu haijakauka, mambo matatu yawe yamepangwa. Tarehe ya kutoka tena baharini itajwe palepale ufukweni, hata ikiwa ni mwezi ujao. Miadi na mtaalamu iwe ndani ya wiki hiyo, ili lile neno moja lililosemwa tezini lipate pa kwenda. Na mwenzake mmoja wa chomboni ampigie simu kesho yake, kisha siku ya tatu. Kikundi kisichoweza kutimiza haya kisubiri kwanza. Ni bora safari nne fupi kwa mwaka zenye ufuatiliaji kuliko moja kubwa ya wiki nzima yenye picha nyingi na ukimya baadaye.

Wanaotaka kuanzisha kikundi, Mombasa, Tanga, Unguja au Kisumu, waanze kwa kuwakutanisha watu watatu: mwanajeshi mstaafu anayeaminiwa na wenzake, nahodha mwenye subira, na mshauri wa afya ya akili. Akikosekana mmoja wao, msitweke.

Zamu ya nyumbani

Namalizia kwa familia, kwa sababu usiku mwingi wa mtu huyu hautakuwa baharini. Mleteni mke, mume au mtoto mkubwa ufukweni angalau mara moja. Aone jinsi zamu inavyokabidhiwa, ajifunze maneno yake, kisha ayapeleke nyumbani.

Panganeni mchana, mkiwa watulivu. Kuanzia saa nne hadi saa saba za usiku, lindo la nyumba ni la baba, maana usingizi wake hauji mapema hata hivyo. Akague milango mara moja, kwa utaratibu, bila kuonewa aibu. Saa saba ikifika, mtu mwingine anashika: mama, au kijana mkubwa, au shangazi aliyekuja kuwatembelea. Atakayepokea si lazima akae macho hadi alfajiri. Kinachotakiwa ni kwamba jukumu limehama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na limehama kwa sauti. Wiki ya kwanza huenda baba asilale. Endeleeni. Baharini pia haikuwa mara moja.

Basi rudi kwenye ile nyumba. Saa saba za usiku. Bwana amesimama mlangoni, mkono kwenye komeo. Mkewe hanyamazi tena. Amekuja mpaka kando yake, amemwita kwa jina kwanza, kisha anamuuliza: umeona nini? Anajibu: milango imefungwa, watoto wamelala, mbwa alibweka akanyamaza. Mke anayarudia maneno hayo moja baada ya jingine, anaweka mkono wake juu ya komeo, anamwambia: nimepokea. Kalale.